Dirisha Lisilo na Njiwa

Hivi wewe, mwenzangu, umewahi kulinda mlango wa nyumba ambamo ndani yake watu wanakukatia shauri wewe mwenyewe?

Keziah Moffat aliulinda. Kiangazi kizima.

Alikaa mbele ya Jumba la Jimbo, Philadelphia, na sufuria yake ya supu ya utumbo yenye pilipili, kilemba kimelowa jasho. Ndani, mabwana wa majimbo walikuwa wanatunga sheria kuu ya nchi mpya. Milango imefungwa. Madirisha yamefungwa, na joto lile la Agosti! Walikuwa wamekubaliana neno lisitoke mpaka kazi iishe, maana majimbo yale yalikuwa kama wake wenza: uvumi mmoja tu, kila mmoja anafunga virago vyake.

Nani angemshuku muuza supu mweusi? Wakati wa vita vya uhuru aliwapeleleza Waingereza akiwa na upawa huohuo wa supu. Mpini wake ulificha kisu.

Kanali Stroud, mkuu wake, alipita kofia mkononi.

"Shangazi, pilipili inawasha leo?"

"Bado, Kanali."

"Itawasha. Lyddon yuko mjini."

Akanywa funda moja, akaenda zake.

Lyddon. Jasusi wa London. Kazi yake ilikuwa moja: asikie wanachogombania mabwana wale, akitangaze, wararuane, nchi ife kabla haijazaliwa.

Keziah naye hakulinda kwa mapenzi matupu. Chini ya sakafu ya jikoni kwake, kwenye shimo la viazi, alijificha mumewe Jubal, aliyetoroka utumwani Maryland wakati wa theluji. Mwanamume mrefu yule, alilala amejikunja kama mtoto, na jua hajaliona tangu siku hiyo. Maryland ilikuwa na sheria zake, Pennsylvania zake. Lakini Kanali alisema sheria kuu ikisimama, kila mtu atajua haki yake. Basi Keziah akangoja isimame, ndipo amwombee mumewe. Kila Kanali alipomuuliza, "Wewe unataka nini, Shangazi?" alijibu, "Sina neno, Kanali."

Aliinua macho.

Njiwa.

Kila adhuhuri walijipanga kwenye kingo za madirisha ya juu, wakinya na kugombana. Leo ukingo mmoja ulikuwa mtupu. Ule wa chumba kilicho juu ya ukumbi, kilichofungwa tangu masika.

Chumbani mle mlikuwa na mtu.

Akajitwika sufuria, akamwendea mlinzi.

"Utumbo wa nani leo, Shangazi?"

"Wa mlinzi aliyelala zamuni."

Mlinzi alicheka mpaka bunduki ikamtikisika begani. "Pita, mchawi wewe! Nibakizie!"

Ngazi. Viatu mkononi. Pumzi kifuani.

Akausukuma mlango kwa bega.

Lyddon alikuwa amelala kifudifudi, amevaa kama fundi seremala. Ubao mmoja wa sakafu ameung'oa. Sikioni ana baragumu la shaba la kusikilizia, mdomo wa baragumu umezama kwenye tundu la sakafu. Aligeuka. Bastola ya Kiingereza ikatoka kiunoni.

Supu ya moto ikatangulia usoni mwake.

Bastola ikaanguka. Kabla hajafuta macho, kisu cha upawa kilikuwa kooni mwake.

Keziah akafungua dirisha kwa mkono wa pili. "Supu inaunguaaa!"

Chini, Kanali akasikia. Buti zikaanza kukimbia.

Lyddon, uso umemwiva, akacheka. "Umeshawaita? Pole, mama. Ungesikiliza kwanza."

Akalisukuma baragumu kwa goti.

Keziah hakukiondoa kisu. Akainama, akatega sikio.

Sauti ilipanda safi kabisa, kama mtu anasoma matangazo kanisani. Mtumwa akitorokea jimbo jingine, sheria za huko zisimweke huru. Arudishwe kwa anayemdai.

Jimbo lolote. Jikoni popote.

Keziah akangoja. Mle ndani walikuwamo mabwana waliohubiri uhuru mpaka sauti zikawakauka. Wengine walikuwa wamekunywa supu yake asubuhi hiyohiyo. Akangoja kiti kilie, mtu asimame.

Hata kikohozi hakikusikika.

"Hakuna anayepinga," sauti ikasema. "Imepita."

"Niachie," Lyddon akanong'ona. "Nikitoka na hili, kesho linaimbwa kila soko. Watagombana. Watatawanyika. Sheria yenyewe haitakuwapo."

Buti zilikuwa zimefika kwenye ngazi.

Jasusi wa mfalme, tena mwongo. Lakini hili lilikuwa kweli, alilisikia kwa sikio lake.

Kisu kikashuka kidogo.

Mlango ukafunguka.

"Umeiokoa nchi, Shangazi!" Kanali alikuwa anahema, uso unang'aa kwa furaha. Walinzi wakamfunga Lyddon kamba na kumburura. Alipopita mbele ya Keziah, hakumtukana. Alimtazama tu kama mtu anayemtazama mfiwa.

Keziah alifuta kisu kwenye aproni, akakirudisha ndani ya mpini. Akaokota sufuria tupu. Akashuka taratibu, ngazi kwa ngazi, akavaa viatu vyake mlangoni.

"Shangazi!" Kanali akamfuata mpaka nje. "Leo sitaki 'sina neno'. Omba lolote. Ulitaka nini?"

Juu, njiwa wawili walikuwa wamesharudi kwenye ukingo wao. Keziah hakusimama, wala hakugeuka.

"Nilitaka mmoja tu humo ndani aseme hapana."