Mzigo Ulioshonwa Kinywa

Nyiraneza alikuwa mwuza mboga. Kila asubuhi wakulima wa Mururu, upande wa Rwanda, walimletea lengalenga, karoti na vitunguu. Alijaza beseni, akaliweka kichwani, akashuka mpaka kwenye daraja la mto Rusizi. Ng'ambo ya daraja ni Kongo, mji wa Bukavu. Wateja wake walikuwa huko.

Nyuma yake alitembea binti yake, Uwamahoro. Yeye hakuuza kitu. Alisoma kazi ya maabara katika chuo kimoja cha Bukavu, na alivaa bluzi nyeupe ya wanafunzi wa afya. Nyiraneza alipenda kugeuka nyuma kumtazama, beseni likiwa kichwani, mpaka wenzake wakamtania.

"Maman, angalia njia! Utamwaga mboga!"

"Muniache niangalie munganga yangu," alijibu.

Uwamahoro hakuwa munganga, yaani daktari. Lakini nani angethubutu kumwambia mama huyo?

Baba, Kamali, alikuwa fundi wa kushona, na watu wa mji wao wa Kamembe walimjua kwa kanzu zake za Idi. Kisha macho yake yakaanza kufifia. Uzi ukawa hauingii tena kwenye tundu la sindano. Wateja wakahamia kwa mafundi vijana. Wenye adabu walikuja kuaga. Wengine walituma mtu achukue kitambaa chao, basi.

Sasa beseni la mboga lililisha nyumba na kusomesha. Chuo kilitaka vitabu, kilitaka glavu, kilitaka nauli ya staji, yaani mazoezi ya kazi. Siku moja mwalimu alimtoa Uwamahoro nje ya maabara kwa kukosa glavu. Alikaa kwenye ngazi akawasikia wenzake wakifundishwa kupima damu. Aliona aibu, na aliona hasira.

"Papa, nitatafuta kazi," alisema siku hiyo. "Kazi ya nusu siku. Banafunzi bengine banafanya."

"Na masomo?"

"Nasoma asubui. Nitafanya kazi kisha masomo."

"Tafuta. Lakini mshika mawili, moja humponyoka. Ukiona masomo inaponyoka, uache kazi."

Uwamahoro alitafuta kweli. Mwenye mgahawa alimtaka tangu asubuhi hadi kufunga. Mwenye duka la simu alikubali nusu siku, lakini akataka kwanza diploma yake ya sekondari. "Nitaichunga," alisema, "usije ukanikimbia." Uwamahoro alikataa, na hapo alifanya vizuri. Wengine walimwambia arudi kesho, na kesho wakamwambia kesho. Alikuwa akirudi nyumbani na vumbi kwenye viatu na neno "hapana" masikioni.

Ndipo Bernadette alipomsemesha kwenye foleni ya darajani.

Bernadette alikuwa mama wa Bukavu, mcheshi, wa kitenge kizuri. Alikuwa akinunua vitunguu kwa Nyiraneza. Kwa hiyo Uwamahoro hakumwona kama mgeni.

"Nasikia unatafuta kazi," alisema. "Hapa unapitaka kila siku, si ndiyo? Basi, pita na kitu."

"Kitu gani, Maman?"

"Bitenge, na nguo za batoto. Niko na dada Kamembe, njo yeye anauzisha. Miye mugongo inanikatala. Ukitoka ku masomo unakamata muzigo, unavuka, unaacha ku butiki yake. Ile haiko hata kazi!"

Akataja malipo. Yalikuwa mazuri kuliko ya mgahawa na duka la simu.

Hapo, msomaji, ndipo palikuwa mahali pa kuuliza. Kama si kazi, mbona inalipwa hivyo? Lakini mtu aliyekataliwa kila mlango haulizi sana anapofunguliwa mmoja.

Kesho yake Bernadette alimpa gunia dogo. Kinywa chake kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mnene.

"Na uvae bluzi yako," alisema. "Ku bariyeri banaheshimiaka banafunzi."

Sisi watu wa mpakani tumezoea kubebeana mizigo. Huyu ana mtoto mgongoni, yule ana miguu mibovu, jirani anachukua. Na mzigo wa mwenzio haufunguliwi. Ukiufungua umemwita mwizi mbele za watu. Uwamahoro alilelewa hivyo, na mama yake vilevile. Ni desturi nzuri, nami sitaki ife. Lakini mtu anayekulipa kwa siri si jirani, na Uwamahoro hakuona tofauti hiyo.

Alivuka. Walinzi waliona bluzi nyeupe, wakampisha. Alivuka tena na tena. Akanunua glavu zake. Nyumbani sukari ikarudi kwenye chai. Kamali alishukuru Mungu kwa kazi ya mtoto wake, akaacha kuuliza.

Ikafika siku ya mtihani.

"Maman, leo niko na egzame mpaka jioni," Uwamahoro alimwambia mama yake njiani. "Bernadette anangoja muntu. Unikamatie ule muzigo, unipitishie."

"Bitenge tu?"

"Bitenge tu."

"Basi, beseni yangu inarudiaka bule. Nitaweka mule ndani." Nyiraneza akamwekea mkono begani. "Enda ufanye egzame. Usikuwe na haraka. Soma swali mara mbili."

Mchana ule, upande wa Rwanda, ofisa mmoja aliinua beseni la Nyiraneza na kuliona zito. Akachukua kisu, akakata uzi wa gunia lililokuwa ndani. Juu kulikuwa na vitenge. Chini yake kulikuwa na mifuko ya plastiki, ile tunayoiita sashe, imebanwa na kufungwa mafungu mafungu. Rwanda ilikuwa imekwisha kuipiga marufuku. Sokoni Kamembe watu walitumia karatasi na vikapu, na wapo waliouza sashe kwa kujificha, kwa bei ya juu.

"Mzigo wa nani huu?"

Nyiraneza alizitazama zile sashe. Hakuwa amesoma sana, lakini alielewa upesi. Alielewa kazi ya binti yake ilikuwa nini. Akaiona ile bluzi nyeupe akilini.

"Ni yangu," alisema.

"Nani alikupa?"

"Nilishasema. Ni yangu."

Jioni Uwamahoro alifika darajani akiwa na furaha, maana mtihani ulikwenda vizuri. Feza, mwuza mboga mwenzake na mama yake, alikuwa akimngoja huku amekumbatia beseni tupu la Nyiraneza.

"Bamemupeleka maman yako."

"Nani? Wapi?"

"Ku kasho, ku polisi. Ule muzigo ilikuwa masashe."

Uwamahoro alichomoa simu mfukoni. Alimpigia Bernadette. Simu ilikuwa imezimwa. Alikimbia hadi kwenye butiki ya yule dada. Alikuta kufuli mlangoni, na majirani wa pale hawakujua mwenye duka alitoka wapi wala alikwenda wapi.

Asubuhi Kamali alikwenda kituoni akiongozwa na jirani. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha mashine yake, akaweka mikono juu ya magoti.

"Maman yako anasema usifike kule. Anasema umalize egzame." Akageuza uso upande wa binti yake. "Anasema muzigo ni yake. Miye naye tumeoana tangu zamani, sijaona auzishe sashe. Weye unajua kitu?"

"Hapana, Papa."

Ndiyo, alimdanganya baba asiyeona vizuri. Nasema wazi kwa sababu wapo watakaosema wao wasingeweza. Hofu humfanya mtu mzuri aseme uongo, na uongo ukishakaa siku moja hutafuta kiti.

Aliendelea na mitihani. Kila asubuhi alipita darajani, akatoa kitambulisho bila kuwatazama walinzi usoni. Chumbani mwa mtihani aliandika, lakini hakujua anaandika nini. Chakula cha mama kilipelekwa na Feza. Uwamahoro alipika, akafunga sahani kwa kitambaa, akabaki mlangoni. Feza alirudi na habari mbaya: Nyiraneza analala sakafuni, mgongo unamuuma, anakohoa, chakula anagawia wenzake.

Mtaani humo aliishi mama mmoja, Mukamazimpaka. Alifanya kazi katika sendika, chama cha wafanyakazi, na alijua mambo ya ajira. Sauti yake ilikuwa kubwa na maneno yake yalikuwa makali. Siku moja alikuja na sufuria ya maharage, akaiweka mezani, akaketi mbele ya Uwamahoro.

"Ulikuwa na kazi weye. Kazi gani?"

Uwamahoro aliangalia chini. "Ya kupitisha bitu, Maman."

"Bitu bya nani?"

"Bya Bernadette."

"Bernadette nani?"

"Sijui."

"Anaikala wapi?"

"Sijui."

"Alikupa kontra? Karatasi yenye jina yake, jina yako, kazi na masaa?"

"Hapana."

"Ulifungua muzigo?"

"Maman, muzigo wa muntu..."

"Haufunguliwi. Najua. Na miye banilelea vile." Mukamazimpaka alipumua kwa nguvu. "Sikiliza basi. Jirani akikupa muzigo, unajua mulango yake, unajua batoto yake. Ule mwanamuke hukujua hata jina. Muntu mwenye kazi ya kweli haogopi kusema jina yake. Anakuonyesha mahali ya kazi. Anakuambia masaa, na munasikilizana kazi isikule masomo. Munaandika, kila muntu anachunga karatasi yake."

"Nani anapeaka mwanafunzi kontra? Bote balinikatala."

"Uliuliza ku chuo?"

Uwamahoro alitikisa kichwa.

"Chuo iko na sekretarieti. Iko na balimu banaojua laboratware na farmasi za muji muzima. Weye ulienda ku mugahawa, ulienda ku simu, lakini hukwenda mahali banajua kazi yako. Kazi ya kuosha bifaa bya maabara ni kazi. Na iko ya nusu siku." Akainama karibu naye. "Ile duka ya simu ilitaka diploma yako. Ulikatala. Akili ulikuwa nayo! Sasa juu ya nini akili ililala mbele ya Bernadette?"

"Nilikuwa nimechoka," Uwamahoro alisema, akaanza kulia.

Mukamazimpaka hakumnyamazisha. Alingoja.

"Nikisema ukweli, banaweza kunifukuza ku masomo?"

"Banaweza. Banaweza pia kukufunga. Siwezi kukudanganya, mwanangu."

"Na nisiposema?"

"Maman yako atafungwa mahali yako."

Hapo wakasikia kiti kikisogea. Kamali alikuwa kwenye mashine yake, na alikuwa amesikia yote. Alisimama akapapasa hewani.

"Kamata mukono yangu," alimwambia binti yake. "Twende."

Kituoni walimleta Nyiraneza. Alikuwa amekonda, na kitambaa cha kichwani kilikuwa kichafu, yeye ambaye hakutoka nyumbani bila kukifua. Uwamahoro alisema mbele ya ofisa, "Muzigo si wa Maman. Ni mimi nilikuwa nabeba. Siku ile nilimtuma, naye hakujua."

"Uongo!" Nyiraneza alipaza sauti. "Huyu mutoto anasema uongo! Muzigo ni yangu! Mumutoe hapa, iko na masomo!"

"Maman, basi."

"Mumutoe!"

Ofisa alimwacha apige kelele mpaka zikaisha. Kisha akamwambia Uwamahoro aketi, akaanza kuuliza na kuandika. Alitaka kujua kuhusu Bernadette, gunia na butiki. Uwamahoro alisema yote aliyoyajua, na alishangaa jinsi yalivyokuwa machache.

Nyiraneza aliachiliwa baadaye. Uwamahoro alibaki ndani kwa muda, kisha akahukumiwa faini. Mashine ya kushona ya Kamali iliuzwa kuilipa. Bernadette hakupatikana. Chuo hakikumfukuza Uwamahoro, lakini mitihani iliyobaki ilimpita na mwaka mzima ukapotea. Nyiraneza alirudi nyumbani na kikohozi, na mgongo wake haukubeba tena beseni. Feza aliwachukua wateja wake wa Bukavu, na kila alipopata faida alimkumbuka Nyiraneza kwa fungu dogo. Nisiseme yote yalitengenezeka. Hayakutengenezeka.

Mwaka uliofuata Uwamahoro alirudi chuoni. Siku ya kwanza hakwenda darasani moja kwa moja. Aligonga mlango wa sekretarieti, akasema anatafuta kazi ya nusu siku, akaeleza na kosa lake mwenyewe, bila kungoja aulizwe. Walimngojesha sana. Hatimaye mwalimu mmoja alimpeleka kwenye maabara ndogo ya mjini. Mwenye maabara, Mzee Buhendwa, alimwonyesha chumba na bomba la maji, akamwambia kazi ni kuosha vioo na kupanga vifaa, alasiri tu, na wakati wa mitihani atapumzika. Uwamahoro aliomba kontra. Mzee alicheka kidogo, kisha akaiandika, wakatia sahihi wote wawili. Mukamazimpaka aliisoma kuanzia juu mpaka chini kabla ya kusema, "Hii sasa njo kazi."

Malipo yalikuwa madogo kuliko ya Bernadette. Yalitosha glavu, dawa ya kikohozi, na unga.

Jioni moja alimkuta mama yake peke yake jikoni, akichambua maharage. Akaketi kando yake.

"Maman, siku ile ku polisi ulinikatala mbele ya bantu."

"Nilitaka usome."

"Ulinikasirikia?"

"Sana." Nyiraneza alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Tangu banifunge sikuwa nalala. Si juu ya sakafu. Nilikuwa najiuliza: huyu mutoto, ataweza kunyamaza hivi maisha yake yote? Na kama ataweza, nilizaa muntu gani?"

Uwamahoro alichota maharage kiganjani, akaanza kuchambua naye.

"Siku ile ulikuja kusema, nilikasirika mpaka nikatetemeka," mama alisema. "Na siku ile njo nililala usingizi."