Uyoga wa Juzi

Juma hilo ilikuwa zamu ya Chizuru kupakua chakula darasani. Akiwa na aproni nyeupe na kofia, aliwagawia wenzake wali na supu ya uyoga mwembamba, kisha akaketi kula chake. Katika shule yao mjini Nagaoka, bakuli hurudi jikoni likiwa tupu, na Chizuru hakuwa mtu wa kuomba apunguziwe. Alipenda kula, basi. Lakini kila baada ya mlo tumbo lilimuuma, na mama yake, Sayoko, alikuwa na jibu moja tu: ulafi.

Maumivu yalipozidi, walikwenda hospitali. Daktari Kuwabara alimwambia asile kitu tangu jioni, arudi kesho yake kupimwa. Asubuhi harufu ya samaki wa kuchoma ilimtesa kwelikweli, lakini hakuonja hata tonge.

Daktari alipitisha mpira mwembamba wenye kamera puani mwake hadi tumboni. Chizuru aliweza kuongea na kutazama picha kwenye skrini. Mara daktari akaguna. Tumboni kulikuwa na mabaki ya chakula.

"Umekula asubuhi?"

"Sijala, daktari."

Mama yake aliona aibu. "Chizuru, sema ukweli, mwanangu. Tuombe radhi, tuje siku nyingine."

Kukubali kulikuwa rahisi. Mpira ungetolewa, angekwenda kula. Lakini maumivu yangebaki, naye angezidi kuitwa mlafi, tena mwongo. Machozi yalimlenga. Akaitazama skrini tena.

"Ule ni uyoga. Niliula shuleni juzi. Nyumbani hatujapika uyoga, mama, wewe unajua."

Mama akaitikia kwa kichwa, kwa sababu alijua. Daktari akaukunja mpira utazame juu kabisa, upande wa nyuma wa tumbo. Huko kulikuwa na kijifuko, kama mfuko wa shati, kimejaa uyoga. Alieleza kwamba ni watu wachache mno wanaozaliwa nacho. Chake hakikuwa cha hatari, ila chakula kilijificha humo na kumletea maumivu. Atafune vizuri, ale kidogo kidogo.

Mpira ulipotolewa, mama alimshika mkono. "Nisamehe. Nimekuonea bure."

Daktari naye akamwinamia kwa heshima, kama anavyomwinamia mtu mzima. "Ungekiri kosa ambalo hukulifanya, ningeacha kupima na nisingekiona kijifuko hicho. Usikubali uongo ili mambo yaishe, hata kama anayekukazia macho ni daktari."

Chizuru akainama pia, kisha akauliza kama sasa anaruhusiwa kula. Mama yake ndiye aliyecheka kwanza.