Kamera Iliyobaki Kavu

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia studio ya shangazi yake. Watu walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukupumzika, lakini akishika lenzi alitulia tuli kama maji mtungini. Alipuliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, kisha akafuta kioo polepole kwa kitambaa laini. Nyuma ya pazia la buluu, shangazi alimwambia mteja wa picha ya pasipoti, "Kaa wima, baba. Hilo tabasamu wapelekee nyumbani."

Siku moja shule ilitangaza maonyesho ya picha za msitu wa mvua uliokuwa nje ya mji. Shangazi, ambaye alikuwa na safari ya kwenda kupiga picha za ndege huko, alikubali kuwachukua Chiriku na kaka yake, Mbwembwe.

Mbwembwe aliazima kwa mjomba wao kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Aliining'iniza shingoni akawa anatembea nayo mtaani, kifua mbele.

"Shangazi, na mimi nipe lenzi ndefu," Chiriku aliomba.

"Usichague kwa kutamani, mwanangu. Msituni kuna giza hata mchana. Jaribu ndefu na fupi humo stoo, uone."

Chiriku alifunga madirisha ya stoo akaacha upenyo mdogo, halafu akapiga picha ya ndoo. Kwa lenzi ndefu, ndoo ilitoka nyeusi. Alipoiacha ipokee mwanga kwa muda mrefu zaidi, mkono ulitikisika na picha ikavurugika. Lenzi fupi, yenye mdomo mpana wa kupitisha mwanga, ilionyesha hata mikwaruzo ya ndoo.

"Nachukua fupi," alisema, ingawa moyo wake bado ulikuwa kwenye ile ndefu.

Alipaki mfuko usiopitisha maji, taulo, na kopo kubwa lenye kifuniko kinachobana. Ndani ya kopo alitia vipakiti vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu vipya.

"Unaenda msituni au unahama?" Mbwembwe alimcheka.

Walisafiri kwa gari lenye kiyoyozi. Waliposhuka, joto la msitu liliwapokea kama mvuke wa sufuria.

"Kamera zikae kwenye mifuko kwanza," shangazi alionya. "Zimetoka kwenye baridi. Mkizitoa sasa zitashika ukungu."

Hawajafika mbali, kundi la ngedere likapita juu ya vichwa vyao. Mbwembwe akachomoa kamera. "Chiriku, toa yako! Wanaondoka hao!"

Mikono ilimwasha, lakini Chiriku hakuufungua mfuko. Mbwembwe alipotazama picha zake, alikuta weupe mtupu.

"Umewapiga ngedere au umepiga maziwa?" Chiriku aliuliza, na hata shangazi akacheka.

Ghafla mvua ikamwagika. Walikimbilia kibanda cha kutazamia ndege, huku kamera ya Mbwembwe ikidundadunda shingoni, wazi. Walipofika ilikuwa imelowa chepechepe na imezimika. Mbwembwe akaanza kubonyeza swichi kwa hofu.

"Mjomba atanila mzima!"

"Usiiwashe, kaka! Toa betri!"

Chiriku aliikausha kwa taulo. Kisha akatazama kopo lake. Lilikuwa moja tu, na lilitosha kamera moja. Alivuta pumzi, akatoa kamera yake humo, akaiweka ya Mbwembwe badala yake, akafunga kifuniko. Yake ikabaki kwenye mfuko tu.

Mvua ilipopungua, shangazi alinong'ona, "Tazameni." Karibu na kibanda palikuwa na mti wenye tundu lililozibwa kwa udongo, ukaachwa ufa mwembamba. Hondohondo dume, ndege mwenye mdomo mkubwa uliopinda, alitua na tunda mdomoni. Jike lake lilikuwa limejifungia humo ndani kuatamia mayai.

Chiriku aliifunika kamera kwa plastiki, akaacha lenzi tu nje. Alifuta tone moja kwenye kioo, akaegemeza viwiko kwenye magoti, akabana pumzi. Mdomo wa jike ulipojitokeza kwenye ufa kupokea tunda, akabonyeza.

Picha ilitoka safi, hata tone la mvua lililoning'inia kwenye tunda lilionekana.

Kamera ya mjomba ilikaa koponi siku kadhaa, kisha ikawaka. Mbwembwe mwenyewe aliirudisha. "Nililowesha kamera yako, mjomba. Nisamehe. Chiriku ndiye aliyeiokoa."

Siku ya maonyesho, wanafunzi walisongamana mbele ya picha ya hondohondo. Mbwembwe alisimama pembeni yake kama mlinzi, akimwambia kila apitaye, "Mpigaji ni mdogo wangu, damu yangu kabisa!"

Shangazi alimshika Chiriku bega. "Wote wanaitazama ile sekunde moja uliyobonyeza," alisema. "Mimi naona jinsi ulivyojiandaa kabla hujatoka nyumbani, na jinsi ulivyojizuia mikono ilipowasha. Anayetunza chombo chake, chombo humtumikia saa ya kazi ikifika. Tena ulikuwa na kopo moja tu, ukampa ndugu yako. Hilo sikukufundisha mimi, na ndilo ninalojivunia zaidi."