Dawa ya Shaba ya Muhdhar

"Vua mtandio, Afaf. Wageni waone!"

Muhdhar, mchumba wangu, alikuwa nyuma ya pazia la duka lake la manukato, Kibokoni. Ndoa ilikuwa bado, si halali yangu, kwa hivyo alijisitiri huko kwa heshima. Heshima! Huku ndani wanawake saba walinizunguka wakinipapasa kichwa kama wanaochagua tikiti maji.

"Zimeota kweli," mmoja alisema.

"Mashallah! Na juzi juzi tu alikuwa na kipara, nimekiona kwa macho yangu," akadakia Bi Abrar, mamake Muhdhar.

"Dawa ya shaba hiyo!" Muhdhar akapaza sauti. "Yatoka Marekani. Shaba imefungwa na vipande vidogo vya protini, inazama ndani ya ngozi. Nywele zinaota, madoa yanafutika. Mchumba wangu ndiye shahidi."

Wakaondoka kila mmoja na kichupa chake cha krimu ya samawati.

Huo ulikuwa mwaka 1998. Baada ya mvua za El Nino niliugua homa ya matumbo, nywele zikanitoka kwa vishungi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa mabuibui, na nilishaacha kutazama kioo. Ndipo Muhdhar alipoleta posa, pamoja na kichupa alichotumiwa na nduguye aliyeko Marekani. Nilimpenda, sikatai. Kila nilipojipaka nilimuombea dua. Mtu anayekutaka na kipara chako, utamwita nani kama si wako?

Wiki mbili baada ya maonyesho yale, Sidi, fundi mwenzangu, alikuja kazini amejifunika uso kwa leso. Tulikuwa tukishona chumba kimoja mwaka wa nne sasa, na kila asubuhi alivuka Feri kutoka Likoni huku akiimba. Siku hiyo aliingia kimya.

"Sidi, una nini?"

"Sina neno, dada."

"Toa leso."

Akatoa. Mashavu yote mawili yalikuwa yamechubuka, mekundu, yanatoa maji.

"Nilitaka haya madoa ya chunusi yaondoke," alisema. "Nikanunua kwa Muhdhar. Nilisema, ikiwa imemfaa Afaf, itanifaa na mimi."

Nilitamani ardhi inimeze. Hakumwamini Muhdhar. Aliamini kichwa changu.

Nikachukua kichupa chake na changu, tukaenda kwa Mwikali, mfamasia mmoja wa Barabara ya Moi. Mwikali alimtazama Sidi kwanza, kisha akapaka krimu kidogo ya kila kichupa kwenye kipande cha kioo na kusugua.

"Hii yako, Afaf, ni laini," alisema. "Hii ya Sidi ina chenga. Sikia inavyokwaruza. Siwezi kuapa mpaka ipimwe, lakini naona ni mrututu."

"Ule wanaonyunyizia nyanya?"

"Huo huo. Umesagwa, ukatiwa kwenye mafuta ya mgando. Nao una shaba, lakini si wa kupaka usoni. Sidi, tuoshe uso sasa hivi kwa maji mengi, halafu uende hospitali."

"Basi changu ndicho cha kweli," nilisema. Bado nilikuwa nikimtafutia Muhdhar pa kusimama. "Ndicho kilichoniotesha nywele."

Mwikali alinitazama kwa huruma.

"Zilikutoka baada ya homa?"

"Ndiyo."

"Za namna hiyo aghalabu hurudi zenyewe, mwili ukipata nguvu. Dawa yenyewe ni mpya, ingali yachunguzwa. Huenda imekusaidia kidogo. Huenda haikufanya lolote."

Nikamuomba simu, nikapiga dukani.

"Muhdhar, Sidi ameungua uso."

"Sidi yupi?"

"Ninayeshona naye."

"Ah, yule Mgiriama! Hajui kupaka huyo. Mwambie asizidishe."

"Kichupa chake kina mrututu."

Akacheka.

"Afaf, shaba ni shaba. Kaka kachelewesha mzigo, watu nami nimeshawaahidi. Wewe si chako ni cha kweli? Basi wacha maneno. Kesho alasiri mama ana wageni, uje uonyeshe kichwa."

"Kumbe ndiyo sababu uliniposa?"

"Kwani kwa kipara kile ungeposwa na nani? Shukuru Mungu."

Nilingoja machozi, hayakuja. Kilichonijia ni kinyaa, kama mtu aliyeuma embe akakuta nusu ya funza.

Kesho yake nilikwenda. Sidi alikataa kubaki nyumbani. "Ni uso wangu," alisema, akaketi barazani kungoja nimwite. Sebuleni kwa Bi Abrar kulikuwa na wanawake kama kumi, kahawa, halua, na vichupa vya samawati vimepangwa mezani. Muhdhar alikuwa nyuma ya mlango wa ndani, sauti tayari.

"Mchumba wangu kafika! Afaf, waonyeshe!"

"Leo sionyeshi," nilijibu. Nikachukua kichupa kimoja pale mezani. "Leo atajipaka Bi Abrar. Mama, si una mabaka shavuni?"

"Ninayo, mwanangu! Mwezi mzima namuomba Muhdhar, kazi yake kuniambia ngojea." Akafungua kwa furaha, akachota kwa kidole, akainua mkono.

"Mama, usipake!"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Muhdhar akaingia mzima mzima katikati ya wanawake, wao wakipiga kelele na kuvuta mitandio yao, akampokonya mamake kichupa.

"Mbona nisipake?" Bi Abrar aliuliza.

"Hicho... hicho si chako."

"Si changu vipi? Wenzangu wote hawa unawauzia!"

Muhdhar akatazama zulia. Nikamwita Sidi. Akaingia, akaondoa leso.

Bi Abrar alimtazama Sidi, akamtazama mwanawe, akafuta kidole chake kwa kanga polepole.

"Mamako umemuonea huruma," alimwambia. "Huyu naye hana mama?"

Nikavua pete, nikaiweka mezani kati ya vichupa vyake.

"Posa naivunja. Nyote ni mashahidi."

Uso wa Sidi ulichukua miezi miwili kupona, na alama moja ilibaki chini ya jicho. Muhdhar alifunga duka. Hakuna mwanamke Mji wa Kale aliyenunua kwake hata udi. Siku moja akapiga simu karakhanani kwetu.

"Afaf, nisamehe. Nilikupenda kweli."

"Sidi umeshamuomba msamaha?"

"Afaf, yule ni fundi tu."

"Nami ni fundi tu, Muhdhar." Nikakata.

Simu ikalia tena. Safari hii Sidi aliinua.

"Hapa ni kwa mafundi. Sema shida yako." Akasikiliza muda mrefu, kisha akaziba simu kwa kiganja. "Ananiomba msamaha. Nimjibu nini?"

"Mwenye uso ni wewe."

Sidi akafikiri. Akaondoa kiganja.

"Nimekusikia," alimwambia Muhdhar, akaweka simu chini, akarudi kwenye cherehani yake.