Picha Iliyokatwa Pindo

Ukipita mbele ya nyumba ya fundi cherehani asubuhi, utasikia vitu viwili. Utasikia cherehani yake, na utamsikia yeye mwenyewe akigomba. Aligomba na uzi unaokatika. Aligomba na wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka nguo leo. Hakuwa mtu mbaya. Hasira zake zilikuwa karibu tu.

Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Cherehani ilikaa dirishani. Meza ya kukatia ilikaa katikati, na chini yake palikuwa na gunia la vipande vya nguo. Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na pipa la maji. Juu ya pipa, ukutani, palikuwa na picha.

Picha hiyo aliileta wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akiishi nao. Alipewa kwenye zahanati. Ilionyesha kitu cha kijani, kikubwa kama sinia, chenye kama macho mawili mbele na mikia inayoning'inia. Juu paliandikwa: ANAISHI KWENYE MAJI MACHAFU. Chini kulikuwa na pindo jeupe lenye maandishi madogo, lakini lilikunjamana njiani. Fundi hapendi kitu kilichokunjamana. Alichukua mkasi wake mkubwa, akalikata pindo lile, chwa! Picha ikakaa vizuri ukutani. Kile kipande hakukitupa. Alikizungushia lastiki ya kushonea ili isijisokote, akakitia kwenye kopo la vifungo.

Siku moja fundi aliingiza mkono kwenye gunia la vipande kutafuta kiraka. Mkono ulitoka umelowa.

"Nani kakojoa humu?"

Alinusa. Haukuwa mkojo. Yalikuwa maji. Akageuka, akamwona binti yake wa miaka sita amesimama na kikombe kitupu. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi iliyo shavuni.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Unamwaga maji kwenye kazi yangu? Mteja akipata kiraka chenye ukungu, utamjibu wewe?"

Kidoti alifumba midomo. Midomo ile ilikuwa imekauka na kupasuka. Lakini mtu akikasirika haoni vizuri, na fundi hakuiona.

"Wifi, mwache mtoto!" sauti ilitoka jikoni. "Wewe ukianza kugomba, hata jua linatafuta kivuli."

"Na wewe angalia sufuria yako, isiungue kama ya jana!"

Mchana fundi alimtuma Kidoti dirishani kuchukua kopo la vifungo. Mtoto alipiga hatua mbili, magoti yakalegea, akaanguka. Fundi aliacha cherehani ikizunguka peke yake. Alimbeba mwanawe, akatoka mbio. Wifi alimfuata nyuma na ndala moja mguuni.

Kwenye zahanati muuguzi alimfinya mtoto ngozi ya tumbo. Alimtazama mdomoni.

"Mtoto huyu ameishiwa maji mwilini. Ameharisha?"

"Hajaharisha."

"Ametapika?"

"Hapana."

"Anakunywa maji?"

"Anakunywa! Kila asubuhi namchotea mwenyewe, namjazia kikombe..."

Hapo fundi alikumbuka lile gunia lililolowa. Kisha akakumbuka kwamba hivi karibuni mtoto alikuwa hataki chai wala uji. Alikuwa anaomba machungwa tu.

Muuguzi alileta kikombe cha maji yenye dawa ya chumvi na sukari. Kidoti alikaza meno.

"Lazima anywe," muuguzi alisema. "Asipokunywa itabidi atundikiwe dripu, na hapa dripu zimekwisha. Mtakwenda hospitali kubwa. Ni mbali, na mtoto ameshalegea."

"Kunywa, mwanangu," fundi alisema. "Kunywa, mama, nakuomba."

Kidoti alikitazama kikombe. "Yumo," alinong'ona.

"Nani yumo?"

"Yule wa ukutani. Shangazi alisema anakaa kwenye maji. Alisema nikiwa mkaidi atanitafuna tumbo. Na mimi nilikuwa mkaidi."

"Yule mkubwa vile ataingiaje kwenye kikombe?"

"Anajikunja," Kidoti alisema. "Anajificha chini."

Fundi alimgeukia wifi yake polepole. Watu waliokuwa kwenye benchi walisogea.

"Kikulacho ki nguoni mwako! Nakula na wewe, nalala nyumba moja na wewe, kumbe unaniulia mtoto!"

"Nilitaka anawe mikono!" wifi alisema. Machozi yalimlengalenga. "Hata sisi tulitishwa na zimwi, na tumekua."

"Umekua, ndiyo. Na akili je, nayo ilikua?"

Hapo hapo fundi aliinua macho. Picha ile ile ilikuwa kwenye ukuta wa zahanati, ya kijani, na yale macho yake mawili.

"Kumbe hapa ndipo linapotoka zimwi!"

Alimwachia muuguzi mtoto, akaenda ukutani kwa hasira. Alishika picha kwa mikono miwili aing'oe. Mlango wa pembeni ukafunguka. Alitoka mzee mmoja mwenye koti jeupe, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Huyo alikuwa mpimaji wa maabara.

"Taratibu, mama. Hasira hasara."

"Hasara ya nani? Mtoto ni wangu, hasara ni yangu! Mnawapa watu dude kubwa kama sinia wakabandike ukutani. Si mngeandika basi ukubwa wake? Mimi ni fundi. Sikati hata kaptula ya mtoto bila kipimo. Picha yenu haina kipimo!"

"Inacho," mpimaji alisema. "Tazama chini."

Fundi alitazama chini. Picha ya zahanati ilikuwa na pindo jeupe. Kwenye pindo palichorwa mstari mfupi mweusi. Pembeni yake palikuwa na maandishi madogo. Fundi aliyafuata kwa kidole, neno moja moja.

"Hu-yu ha-o-ne-ka-ni kwa ma-cho. Picha ime-kuzwa sana. Watano wakipangwa bega kwa bega hawazidi unene wa unywele mmoja. Rangi imetiwa. Chemsha maji, atakufa."

"Na huo mstari ni kama futi yako ya kupimia," mpimaji alisema. "Picha ikikuzwa, mstari nao unakuzwa. Urefu wake wa kweli ni mdogo kuliko unene wa unywele. Anayeujua mstari huo anaujua ukubwa wa kitu."

Fundi alikuwa amekumbuka mkasi wake. Aliisikia tena sauti yake, chwa. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini sasa haikuwa na pa kwenda ila kwake mwenyewe.

"Nililikata mimi," alisema. "Pindo hili nililikata mimi. Nilikata kabla ya kusoma."

Wifi alifungua mdomo, kisha akaufunga. Siku hiyo alikuwa na busara.

Lakini fundi hakuwa amemaliza. "Nimekosa. Lakini na ninyi mmekosa! Maandishi madogo kama sisimizi! Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani atayaona saa ngapi? Na wifi yangu mlimpa karatasi tu, hamkumpa maneno."

Mpimaji alishusha miwani yake.

"Hapo una haki. Foleni ilikuwa ndefu, tukagawa picha bila kueleza. Mtoto haonyeshwi picha kama hii kabla hajajua imekuzwaje. Mlete binti yako ndani. Nipe na uzi."

Fundi hakosi uzi. Alikuwa na sindano yenye uzi mwekundu kwenye ukosi wa blauzi. Alikata kipande kwa meno.

Ndani ya maabara Kidoti alikaa kwenye mapaja ya mama yake. Mpimaji aliulaza uzi mezani.

"Hiki nini, binti?"

"Uzi wa mama."

"Mnene au mwembamba?"

"Mwembamba."

Alimpa kioo cha kukuzia cha mkononi. Kidoti alichungulia.

"Una manyoya!"

"Ondoa kioo."

"Umekuwa mdogo tena."

"Kwani uzi ulikua kweli?"

Kidoti alifikiri. "Hapana. Kioo kinadanganya."

"Hakidanganyi. Manyoya yapo, ila ni madogo mno kwa macho yetu. Kioo kinatukuzia, na uzi unabaki ule ule." Kisha aliuweka uzi chini ya mashine ya chuma yenye bomba la kuchungulia. "Hii ni hadubini. Inakuza kuliko kioo. Tazama."

Kidoti alitazama. Aliruka kidogo. "Kamba! Mama, uzi wako ni kamba!"

"Basi yule wa ukutani alipigwa picha kupitia hadubini. Angekaa juu ya uzi huu, usingemwona kabisa."

"Na macho yake?"

"Hana macho. Yale ni viini, sehemu za ndani ya mwili wake. Na ule ukijani ni rangi tu, tulimtia ili aonekane vizuri. Hakuoni, hakujui, wala hajui kama ulikuwa mkaidi."

Kidoti alimtazama shangazi yake mlangoni. Shangazi alitazama sakafu.

"Lakini anaumiza tumbo?"

"Ndiyo. Sikufichi. Akiingia tumboni anazaana, unaharisha. Lakini moto unamuua. Maji yakitokota sawasawa, amekufa." Mpimaji aligeuka kwa wakubwa. "Nyumbani mnachemsha maji ya kunywa?"

Fundi na wifi yake walitazamana.

"Pipa lina mfuniko?"

"Lina picha," wifi alisema.

Fundi alikasirika upya, na safari hii alijikasirikia kweli kweli. Zimwi walilibandika ukutani, na mlango wa kuingilia wakauacha wazi! Mtoto alitishwa bure, na maji yakabaki vile vile.

Mpimaji alichukua tone kutoka kwenye kikombe cha dawa, akaliweka chini ya hadubini. Kidoti alichungulia kwa muda mrefu.

"Hakuna kitu."

"Tone moja halitoshi kuamini maji yote. Sisi tunaamini moto."

Kidoti alimgeukia muuguzi. "Uliyaona yakitokota?"

"Niliyachemsha mwenyewe asubuhi. Yalitokota mpaka mfuniko ukacheza."

Kidoti alishika kikombe. Alichungulia chini yake. Kisha akanywa funda moja, akangoja, akasikiliza tumbo lake. Akanywa funda la pili. Fundi alitaka kulia, akaona aibu, akamgombeza muuguzi kwamba kikombe chenyewe ni kizito.

Jioni walirudi nyumbani, Kidoti anatembea mwenyewe. Fundi hakuvua hata viatu. Aliliosha pipa, akalikatia mfuniko wa ubao. Wifi aliinjika sufuria kubwa ya maji, akasimama karibu nayo mpaka yakatokota.

"Nisamehe, wifi," alisema.

"Tumekosa sote. Ila wewe umekosa kwa mdomo, na mdomo wako ni mkubwa kuliko mkasi wangu."

Walicheka, kidogo tu. Kisha fundi alifungua kopo la vifungo. Alitoa kile kipande cha karatasi, akakizungusha mpaka lastiki yote ikatoka. Alikinyoosha kwa pasi ya uvuguvugu. Alikiweka mahali pake chini ya picha, akavishona pamoja kwa cherehani, kwa uzi mwekundu ili kila mtu aone. Aliukanyaga mguu wa cherehani kwa hasira kana kwamba ndio uliokosa. Picha ilirudi ukutani, na kando yake Kidoti alitundika kipande cha uzi na kioo kidogo cha kukuzia ambacho mpimaji alimwazima.

Zahanati nayo ilibadilika. Siku hizi watoto wanaonyeshwa uzi kwanza, picha baadaye. Maandishi ya chini yameandikwa makubwa.

Na kwa fundi, maji ya kunywa huchemshwa kila siku. Midomo ya Kidoti imepona. Siku moja alikuja mteja na mtoto wake mdogo wa kiume. Mtoto alikuwa analia, hataki kupimwa suruali. Mteja alinyoosha kidole ukutani.

"Unamwona yule? Usiponyamaza, atakuja kukutafuna!"

Mtoto alinyamaza ghafla, macho yamemtoka. Fundi aliweka mkasi mezani. Damu ilimpanda. Lakini kabla hajasema neno, Kidoti alikuwa ameshafika. Alisimama mbele ya mteja, mikono kiunoni, amekunja uso vile vile kama mama yake.

"Wewe mama! Kwanza soma hapo chini."

Mteja alisogea ukutani, akaanza kusoma chini ya ushono mwekundu. Kidoti alichota maji ya kuchemsha, akajaza vikombe viwili. Kimoja alimpa yule mtoto. Cha pili alikunywa mwenyewe mbele yake, chote, mpaka tone la mwisho.