Ufa Ambao Hakuuona

Jumamosi hiyo, kama Jumamosi zote ambazo mama yake alikuwa zamu hospitalini, Chiriku alifua sare zake, akazianika sebuleni kwa sababu ya mvua, kisha akafuatana na shangazi yake kazini. Chiriku si jina alilopewa na wazazi. Wanafunzi wenzake wa darasa la sita ndio waliombandika, maana mdomo wake haukujua kupumzika.

Shangazi alifanya kazi katika ofisi ya tahadhari ya maafa. Alichambua taarifa: alisoma jumbe na picha za watu, kisha akamweleza mkuu wa ofisi lipi ni kweli na lipi ni uzushi. Siku hizi alisaidiwa na programu ya akili bandia, ambayo ilisoma jumbe upesi kuliko binadamu yeyote, ikaonyesha rangi kwenye kompyuta: kijani kwa salama, njano kwa mashaka, nyekundu kwa hatari.

"Shikamoo, Mkuu," Chiriku alisalimia mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Kaa pale dirishani, na leo utuazime ukimya kidogo."

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na ofisini hakuna aliyetulia. Simu zililia, milango ilifunguliwa na kufungwa, mwavuli mmoja ulipita mikononi mwa watu kama kijiti cha mbio. Chiriku naye miguu ilimwasha. Akatoa simu kuukuu aliyopewa na mama yake, akafungua kundi la darasa lao.

Kulikuwa na picha. Ilionyesha ukuta wa bwawa lililo juu ya mji ukiwa na ufa mrefu, maji yakichirizika. Chini yake mwenzao mmoja alikuwa ameandika: "Uzushi huo. Nani ameuona?"

Wiki nzima walikuwa wakimtania Chiriku kwamba habari zake ni viporo, kila mtu ameshazila jana. Hii ilikuwa ya moto. Vidole vikamtangulia akili, akaandika: "Mimi nimeuona leo asubuhi kwa macho yangu. Tulipita pale na shangazi yangu, na yeye anafanya kazi ofisi ya maafa."

Majibu yakamiminika. Chiriku akajiona amerefuka.

Kabla ya adhuhuri kompyuta ya Shangazi ikageuka njano, halafu nyekundu. Mkuu akaja mbio, miwani mkononi.

"Mlinzi wa bwawa anasemaje?"

"Simu yake haipatikani," Shangazi alijibu. "Dereva wetu yuko njiani kwenda kutazama, lakini barabara ni matope matupu."

"Rusheni droni."

"Upepo huu utakibwaga kidege chetu chini na kamera yake. Mkuu, picha yenyewe naitilia shaka. Tazama vyuma hivi vya kizuizi, vinayeyukiana kama mishumaa. Tena ukuta una kivuli cha jua, na jua hatujaliona wiki nzima. Nadhani imetungwa na mashine. Kinachonitisha ni mashahidi. Watu mia na zaidi wanasema ufa umeonekana asubuhi hii."

"Lisemwalo lipo," Mkuu alisema. "Hospitali iko bondeni. Ukuta ukipasuka, maji yatafika kabla hatujamaliza kulaumiana. Nawapigia waanze kuwatoa wagonjwa, kisha king'ora kilie."

"Na wodi ya watoto wachanga? Walio kwenye mashine za joto?"

"Nao."

Chiriku aliijua wodi hiyo. Mama yake alikuwa muuguzi humo, na aliwahi kumwambia kwamba watoto wale hudhurika hata kwa baridi ya mlango ulioachwa wazi. Nje mvua ilipiga vioo.

Shangazi aliendelea kusoma jumbe, sasa kwa sauti, uso wake ukikunjamana. "'Binti wa jirani ameuona kwa macho yake.' 'Mtu wa ofisi ya maafa ameuona leo asubuhi.' 'Ofisi ya maafa imethibitisha.'" Akanyanyua kichwa. "Imethibitisha nini? Ofisi ya maafa si ndiyo sisi?"

Chiriku aliusoma tena ujumbe wake. Akasimama, akaketi, akasimama tena. Akinyamaza, nani atajua? Maneno yake yalikwisha kupotea katikati ya maneno ya watu. Lakini Mkuu alikuwa ameshika simu sikioni, na upande wa pili kulikuwa na hospitali ya mama yake Chiriku na vichanga wale. Mdomo usiojua kupumzika ukawa mzito kama jiwe.

"Shangazi," alisema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

"Aliyeuona ufa. Sikuuona. Niliona picha tu, nikaandika kwamba nimeuona."

Mkuu aliteremsha simu taratibu. Shangazi hakugomba. Aliomba simu ya Chiriku, akalinganisha saa za jumbe, moja baada ya nyingine. Kila shahidi alikuwa amemnukuu mwenzake, na wa kwanza wao alikuwa Chiriku.

"Mkuu, hawa si mashahidi mia," alisema. "Ni shahidi mmoja, na huyo hakuona kitu."

Mkuu akairudisha simu sikioni. "Wagonjwa wabaki ndani. Wekeni magari tayari na mkae chonjo mpaka tuwape habari."

"Na kama ukuta umepasuka kweli?" Chiriku aliuliza.

"Ndiyo maana tunasubiri macho ya kweli," Shangazi alijibu.

Walisubiri. Mkuu alitembea toka ukuta hadi ukuta. Chiriku alitafuna kucha mpaka zikamuuma. Hatimaye redio ikakoroma, dereva akasema: "Nimesimama juu ya ukuta. Mzima kabisa. Mlinzi yupo, simu yake ndiyo imelowa maji."

Shangazi alifumba macho, akashusha pumzi. Furaha haikudumu, maana habari nyingine ilifika: fundi cherehani, jirani yao, alipokuwa akikimbilia mlimani aliteleza, akavunjika mkono.

Chiriku aliandika kwenye kundi: "Niliongopa. Sikuuona ufa wowote. Ukuta ni mzima, dereva wa ofisi ya maafa yuko pale. Waambieni wote mliowaambia." Wakamcheka, wengine wakamtukana.

Jioni Chiriku na Shangazi walimkuta fundi hospitalini, mkono ukiwa umefungwa. Chiriku aliomba radhi akiwa amepiga magoti.

"Inuka, mwanangu," fundi alisema. "Nilisikia ni wewe uliyeuona ufa. Nikajisemea, huyu shangazi yake ni mtu wa ofisi ile, hawezi kudanganya."

Maneno hayo yalimchoma Chiriku kuliko tusi. Akaahidi kwamba kila atokapo shule atamfagilia duka na kumchotea maji mpaka mkono upone, na fundi akamwambia aanze Jumatatu.

Njiani kurudi nyumbani Shangazi alimshika mkono. "Mashine ilihesabu midomo," alisema. "Haikujua kwamba nyuma ya midomo yote hakukuwa na jicho hata moja. Ukipata habari, jiulize: nani aliona mwenyewe, na alikuwa wapi? Leo ulitudanganya, kisha ukasema kweli wakati ilipokuwa ngumu kuisema. Ungechelewa kidogo, vichanga wangekuwa mvuani."

"Nitajibu nini wakiniuliza jambo ambalo sijaliona?"

"Sema hujui. Si aibu, Chiriku. Mimi mwenyewe nalipwa mshahara kwa kulisema neno hilo."