Karafuu Juu ya Kabati

Kila adhuhuri, akitoka skuli, Mwanapili alimpelekea mjomba wake chakula kwenye kituo cha simu ya upepo, ile isiyo na waya, kilimani, njia ya Pujini. Mjomba Himid ndiye aliyeendesha mtambo. Alivaa soksi ndefu mpaka magotini, akatembea kana kwamba upepo wenyewe ameuajiri yeye. Mtu akimwamkia, aliitikia kwa nyusi.

Mwaka ule mvua iliingilia msimu wa karafuu. Watu walikimbiza majamvi ndani, na karafuu zikavunda vivyo hivyo. Za Himid hazikuvunda. Alizijaza kwenye ungo wa mkewe, Bi Kazija, akauweka juu ya kabati la mtambo, palepale feni inapotolea hewa ya moto. Basi akajiona mwerevu kuliko wakulima wote wa Ole!

"Ukifungua mdomo," alimwambia Mwanapili, "skuli basi. Utarudi kwenu Msuka ukachokoe pweza."

Haukupita muda, kabati likapata moto kama chungu jikoni, na mtambo ukazima. Himid aliuficha ungo nyuma ya mlango. Hakutafuta kosa, alitafuta mtu, akampata Mzee Duni, mfagiaji.

"Huyu katia ufagio wake kwenye mtambo," alimwambia Fundi Mbaruk, aliyeletwa kutoka Unguja. "Afukuzwe leo."

"Wallahi bwana, mimi kabati siligusi," alisema Mzee Duni, kofia mkononi. "Naliogopa kuliko nyoka."

Fundi aliwasha mtambo kidogo, akashika kipande cha karatasi juu ya tundu la hewa. Feni nzima ingekipeperusha. Karatasi ilining'inia tu. Akazima umeme, kabati likapoa, akasukuma mapanga ya feni kwa kidole. Hayakuzunguka. Akafungua skrubu, akaitoa feni, na vikonyo vya karafuu vikamwagika kiganjani mwake.

"Vimeikwamisha," alisema, akiinusa. "Nayo ikang'ang'ania kuzunguka mpaka waya zake zikaungua. Hii haifai tena, natia mpya."

"Si nilisema? Takataka za mfagiaji!"

"Za sakafuni zimerukaje mpaka juu ya kabati, Bwana Himid?"

Himid akashikwa na kikohozi. Kikohozi cha namna ile hata hospitali haina dawa yake.

Mwanapili alimtazama Mzee Duni na kofia yake mkononi. Aliiwaza skuli yake, kisha akasogea mbele.

"Mjomba," alisema, "na ule ungo wa Bi Kazija je? Uko nyuma ya mlango, na karafuu zake."

Fundi alikwenda kuutazama, akarudi nao. Akafunga feni mpya, akawasha. Safari hii karatasi ilimponyoka, ikaruka na kumgota Himid puani.

"Mzee Duni, endelea na kazi yako," alisema Fundi. "Bwana Himid, feni naweza kuibadilisha. Mtu anayemtwika mwenzake kosa lake, wakubwa wako watajua la kumfanya. Na wewe mwanangu, umesema kweli huku unaogopa. Usiiache tabia hiyo."

Jioni Mwanapili aliurudisha ungo nyumbani, na habari ikafika kabla ya Himid. Bi Kazija alimpokea mumewe mlangoni, ungo wake mkononi.

"Mtoto haendi Msuka, anakwenda skuli," alisema. "Kama pweza lazima wachokolewe, mwenye soksi za kuingilia majini ni wewe."